Maombi ya Alhamisi Nyumbani kwa Orpa

Jirani yangu Orpa ana miaka arobaini na miwili, hana mume, na huuza vitenge anavyovitoa Mbarara. Kila Alhamisi wamama wa kanisa huja kwake kumwombea mume. Wanaomba dakika kumi, kisha wanavua viatu, wanakunywa chai ya maziwa na kucheka mpaka jioni. Orpa huwashinda wote kwa kucheka.

Juzi mchungaji aliwakuta kwenye chai. "Dada Orpa, Mungu amejibu! Mzee Rwakabuba amekubali kukuoa. Jumapili nitawatangaza."

Orpa aliweka kikombe chini. "Pasta, mimi sikuomba mume."

"Wamama hawa wamekuombea miaka sita."

Mama Georgette, kiongozi wa maombi, aliinuka. "Huyo mzee atakaa hapa?"

"Sasa mume akae fasi gani?"

"Hata Alhamisi?"

"Mama, ni kwake!"

Wamama walitazamana, kisha wakatazama viatu vyao mlangoni. "Pasta," alisema Mama Georgette, "huyo hakutoka kwa Mungu. Tungeambiwa sisi kwanza."

Mchungaji alipoondoka, waliomba tena: Orpa apate mume, ila Bwana asiharakishe. Orpa aliitika amina kwa nguvu, akaongeza chai.