Saruji Ndani ya Sanduku

Mke wangu alipozikwa, shangazi yake alikusanya vitu vyake vyote ndani ya sanduku la bati, akatia kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Kwetu vitu vya marehemu havifunguliwi mpaka siku ya kuondoa matanga, familia zote mbili zikiwa zimekaa pamoja. Shangazi ni mtu wa Bafwasende na hafanyi kitu nusu. Alikunja vitenge, akapanga viatu, akaweka bakuli la kupimia saruji, akaweka na simu. Hakuna aliyekumbuka kuizima.

Asubuhi iliyofuata, katekista akiwa katikati ya sala, sanduku lililia. Mlio mfupi, kama kengele ya baiskeli. Watu wakaligeukia. Likalia tena.

"Anaita," shangazi akasema.

Mimi nilijua ni nini, na sikutaka watu waamini kitu ambacho si kweli. Nikasema ni simu yake, hulia hivyo bei ya hisa za saruji ikishuka.

Jirani yetu anayeuza pondu, majani ya muhogo, alitikisa kichwa. "Ule mama," alisema. "Hata kufa, bado saruji."

Wengine walicheka kidogo, kisha katekista akaendelea. Sanduku lililia mpaka kesho yake jioni, betri ikaisha.

Mke wangu aliuza saruji kwa mfuko na kwa bakuli. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, anaishi Nairobi, na ndiye aliyemweleza kwamba kule mtu wa kawaida anaweza kununua kipande cha kampuni. Alimnunulia vichache vya kampuni ya saruji kwa jina lake yeye shemeji, kwa pesa ya dada yake. Kisha akamwonyesha chombo cha kuchunguzia hisa kwenye simu. Kwanza mke wangu alitumia kile cha bure, lakini kilitoa bei za jana na matangazo ya dawa za kupunguza unene. Akahamia kingine cha kulipia kila mwezi, bei yake haifiki ya kuku. Hicho kilionyesha faida ya kampuni, madeni yake, na jinsi inavyosimama mbele ya wenzake, kisha kikaweka rangi. Kijani ni nzuri. Njano, ngoja. Nyekundu, ondoka.

Kampuni yake ilikuwa nyekundu. Aliendelea kununua hata hivyo. Sababu yake ilikuwa kwamba malori yakishapita matope ya barabara ya mashariki, saruji za kampuni nyingine zinafika zimekuwa mawe, lakini mifuko ya kampuni hii inafika na unga. Jioni nyingi alikaa mlangoni anasoma chombo chake na kukibishia. Mimi natengeneza baiskeli za toleka, zile zinazobeba abiria, na niliacha shule mapema. Nilikuwa nasikiliza tu. Mara moja nilimuuliza kama deni la kampuni linaonekana kwenye mfuko. Akasogeza ukurasa, akaendelea kusoma.

Betri ilipokwisha, shemeji alinipigia. Bei inaanguka, alisema. Dada yake hayupo, na yeye hawezi kuuza kitu cha dada yake bila neno langu. Niseme uza, au niseme acha.

Nilimwambia sisemi lolote kabla ya kusoma chombo, kwa sababu dada yake asingesema kabla ya kusoma. Simu yangu ni ya vibonye, haina kitu ndani yake. Chombo alicholipia kiko ndani ya sanduku.

"Basi fungueni sanduku, shemeji."

Nilikwenda kwa shangazi, alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nikamweleza taratibu kwamba pesa ya mtoto wa kaka yake inapotea kila siku, na kwamba nahitaji simu kwa muda mfupi.

"Unataka kuuza," alisema.

"Labda."

"Papa, mufiwa haendi soko."

"Siendi, mama shangazi. Soko lenyewe liko ndani ya simu."

Alifikiri. Alitoa jiwe kwenye mchele akalitupa. "Na simu iko ndani ya sanduku," alisema. "Bon, sawa. Soko nalo liko matanga."

Nilirudi kukaa. Ningeweza kubishana zaidi, ila ukweli ni kwamba nilifurahi. Ndani ya sanduku kulikuwa na kitenge cha kazini cha mke wangu, bado na vumbi la saruji. Sikuwa tayari kifuniko kile kinyanyuliwe, bei iwe vyovyote. Nilimpigia shemeji nikamwambia shangazi amekataa. Niliongeza kwamba na mimi sikusukuma sana. Alisema ameelewa, na kwamba imeshuka tena.

Siku ya kuondoa matanga familia zilikaa, shangazi akafungua pindo, akafungua kufuli. Vitenge vikagawiwa kwa dada za marehemu. Kile cha kazini nilikiomba, nikapewa. Simu tuliichaji kwa betri ya jirani, kwa kuwa umeme haukuwepo. Ilipowaka ililia kwa muda mrefu, ikitoa yote iliyokuwa imeshikilia, na safari hii hakuna aliyesema anaita.

Nilisoma polepole, neno kwa neno, jinsi mke wangu alivyokuwa akisoma. Madeni yalikuwa makubwa kuliko faida. Rangi ilikuwa nyekundu. Familia ilikuwa imekubaliana kaburi lijengwe kabla ya mvua kubwa, na pesa nyingine haikuwepo. Nikampigia shemeji nikamwambia auze.

Aliniuliza kama nimesoma chombo au nimechoka.

"Yote mawili," nikasema.

Akauza. Tulipata kidogo kuliko ambacho tungepata siku ile aliyonipigia mara ya kwanza. Nilikwenda kununua saruji ya kampuni ileile, nikakuta mfuko umepanda bei. Nilimuuliza shemeji inawezekanaje kampuni ishuke na saruji yake ipande. Alisema chombo kina ukurasa unaoeleza hayo. Niliusoma. Sikuuelewa.

Makaburini, fundi alipasua mfuko wa kwanza, akachukua unga kidogo katikati ya vidole, akausugua.

"Hii iko muzuri," alisema.

Nilimwambia marehemu naye alisema hivyo. Akauliza kama marehemu alikuwa fundi. Nikasema hapana, alikuwa na hisa. Akainamisha kichwa kwa heshima, akaniomba nisogee, akaanza kuchanganya.