Rili Niliyoikatiza Geita

Siku yangu ya kwanza kazini, Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilipewa kitambaa nifute lenzi, kile kioo kinachokuza picha, nikakemewa kabla sijakigusa. "Kucha!" alisema Fundi Mkuu. Nikazikata papo hapo. Alikuwa mchoyo wa sifa, lakini kazi ya gari la sinema lililozunguka vijijini aliijua barabara, na yote akanifundisha.

Projekta, mashine ya kuonyesha picha, ilitumia umeme wa jenereta iliyofungwa nyuma ya gari. Filamu ilizungushwa kwenye gurudumu liitwalo rili. Tulitundika shiti nyeupe, nami nikashika kipaza sauti kusimulia kwa Kisukuma, maana filamu zenyewe zilisema Kiingereza. Sijisifu bure: niliposimulia josho la ng'ombe, wazee walicheka hadi wakafuta machozi.

"Picha usiitazame, unaijua," Fundi Mkuu aliniambia. "Watazame watu. Wakichoka, tia chumvi."

Nikawatazama. Walifika wakisalimiana, wakitaniana, wakigombea nafasi. Taa ya projekta ikiwaka, kimya, vichwa vyote upande mmoja. Mtu alikanyagwa mguu asijue. Nami kijana nilivimba kichwa kwa nguvu ile.

Baadaye nikahamishiwa Geita, chini ya Bwana Habari, ofisa aliyependa amri. Amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba rili haikatizwi. Jioni moja tulionyesha filamu ya usafi wa nyumba karibu na machimbo, ambako mashimo ya dhahabu yalikuwa wazi. Nikamwona mtoto mdogo akiteremka mapajani mwa mama yake, akapenya katikati ya watu, akaelekea mashimoni. Mama hakubandua macho kwenye shiti.

"Mayu, ng'wana wako alihe?" niliita kwenye kipaza sauti. Mama, mtoto wako yuko wapi?

Wakacheka wote, na yule mama akacheka nao. Kwenye shiti kulikuwa na mwanamke anayeanika nguo. Walidhani namsema yeye, wakaanza kumtafuta mtoto wake humo kwenye picha. Nikarudia kwa ukali. Wakacheka zaidi.

Nikazima taa.

"Washa! Washa bwana!" walipiga kelele. Kisha mama akapapasa mapaja yake, akalia kwa sauti ambayo hadi leo sipendi kuikumbuka. Wachimbaji wakakimbia na taa zao. Walimkuta mtoto ameketi ukingoni mwa shimo, anatupa vijiwe ndani.

"Nani amezima?" Bwana Habari alifoka.

"Mimi, Bwana."

"Filamu ni mali ya Serikali!"

"Na mtoto ni wa mama yule, Bwana."

"Washa," akasema, na habari hiyo hakuitaja tena.

Nilipowasha, mama yule alikaa ameipa shiti mgongo, uso wake kwa mwanawe, akanisikiliza sauti tu. Niliendelea kusimulia.

Nilihudumu sehemu nyingi, hadi machimbo ya almasi ya Mwadui, nikastaafu nikiitwa Fundi Mkuu na mimi. Ninyi vijana mnaotembea na redio mkononi mnaniuliza kama sinema ilituharibu. Hapana. Ilitufundisha mengi, na najivunia kila kijiji nilichokipelekea sinema. Lakini mkitaka kujua kazi yangu bora, ni hii: niliwasha taa ile mara zisizohesabika, nikaizima mara moja kabla ya wakati wake, na usiku ule mtoto akalala kwao.