Rangi Niliyompa Baba Riziki

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, nikimaliza tusibishane. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa nane mchana, hapa Baraka, kando ya ziwa, miaka ile ya vita. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimechoka tu, kama kila mtu.

Nilikuwa mpiga picha. Nilikuwa na kamera ndogo ya dijitali, mashine ya kuchapia, na shuka nyeupe ukutani. Kila mteja akija, kwanza naionyesha kamera ile shuka ili ijue weupe ni upi, ndipo rangi nyingine zikae sawa. Siku hizo kazi kubwa ilikuwa picha za matanga. Nyumba ziliungua na albamu zake, na mtu akifia mbali, familia ilitaka picha ya kulaza kitandani ili wapate kumlilia. Basi wengi walikuja kujipigisha mapema, wakiwa hai.

Kwa hiyo mwanaume mmoja alipoingia akaomba picha ya matanga yake, sikushtuka.

"Utaipatia bibi yangu, Mama Riziki, kule karibu na port ya maboti," akasema. "Aache kuningojea."

Nikapiga. Shuka ikatoka nyeupe safi, shati lake la kijani likatoka la kijani. Lakini uso ulikuwa wa majivu, midomo ya buluu. Nikabadilisha mpangilio wa kamera: wa jua, wa wingu, wa taa ya ndani. Ukuta ulibadilika kila mara, yeye hakubadilika. Nikainua kamera nipige tena.

"Acha vile, ndugu," akasema taratibu. "Hii njo rangi yangu sasa."

Kwa nini sikumsikia? Kiburi cha kazi. Picha kama ile ikitoka kwangu, nani angerudi? Alipoondoka nikaongeza wekundu kwenye mashine, na manjano kidogo, mpaka uso ukapata damu. Shuka ikawa rangi ya chai ya maziwa, sikujali. Nikachapa, kisha nikaifuta ile ya kwanza ili kamera ipate nafasi.

Nikamtumia Mama Riziki habari, na kesho yake alikuja na shemeji yake, ndugu wa mumewe. Shemeji alipoiona picha alikaa chini sakafuni.

"Mi mwenyewe nilimuzika kule kijijini Lubondja," akasema. "Ni miezi tatu. Na hii shati njo tulimuzika nayo."

Mama Riziki hakumtazama. "Miezi tatu yote unanidanganya! Angalia hii mashavu. Bwana yangu iko muzima, iko anakula muzuri." Akanigeukia. "Alikuya hapa lini?"

"Jana," nikasema. Nikajaribu kumweleza kwamba ile damu ya usoni niliitia mimi. Akaniomba nimwonyeshe picha ya kwanza. Sikuwa nayo.

Hajamlilia mumewe hadi leo. Boti zikifika anashuka nayo ile picha, anawauliza wasafiri. Wanaume wawili walitaka kumwoa, akawafukuza. Mimi kamera niliiuza, na usingizi wangu haujawahi kuwa mzuri tena.

Ninyi wenye simu za kung'arisha nyuso, nisikieni: mtu akikuomba umwachie rangi yake, mwachie. Hujui ameibeba kutoka wapi, wala anampelekea nani.

Jana nilikutana na Mama Riziki sokoni, amezeeka. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru tena kwa ile picha.