Katuni za Kulwa na Doto

Jamani, nicheke nanyi, maana kujificha nimeshindwa.

Kwenye grupu letu la akina mama wa Ilemela kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika: usikiri kwamba mwanao anakula huku anaangalia katuni kwenye simu. Ukikiri, utasemwa mpaka ujute kujiunga. Na msemaji mkuu ni mimi.

Juzi mama mmoja mgeni, wa kule Mkolani, akauliza, "Wangu hali bila simu. Nifanyeje?"

Nikawaka! Kuandika niliona hakutoshi. Nikaipokonya simu mikononi mwa mapacha wangu, nikarekodi sauti kwa hasira zote.

"Dada yangu, huo ni uvivu. Kaa na mtoto, ongea naye, atakula. Mimi ninao wawili, na katuni hawaijui!"

Nikatuma. Kisha, kwa majivuno yangu, nikajisikiliza. Ndipo nikasikia yale ambayo mori ulinizuia kuyasikia: nyuma ya mahubiri yangu mapacha wanalia kwa pamoja, na mama mkwe, aliyekuja kutoka Kamanga na ndiye aliyekuwa akiwalisha ugali na sato, anapaza sauti, "Mama Kulwa, warudishie simu! Bila katuni hawamezi hawa!"

Nikakimbilia kufuta. Yule mgeni alikuwa ameshajibu:

"Dada, warudishie tu simu yao. Sisi tutasubiri. Wakishiba utaendelea kutufundisha."