Siku Tatu Badala ya Saba

Nilifunga tangi la ndege siku ya tatu baada ya kulipaka rangi ndani, na kikaratasi kilichokuja na rangi kilisema nisubiri saba. Sikushikiwa fimbo. Patroni, mwenye kampuni, aliniambia, nami nikakubali. Mpaka leo siwezi kukaa kwenye kiti muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nasimama, natoka mlangoni, natazama ziwa bila kuliona, narudi, natoka tena.

Nilikuwa fundi wa matangi kwenye kampuni ndogo iliyokuwa na ndege moja, ya injini mbili, kati ya Bukavu na Shabunda. Ilipeleka chumvi, sabuni na vitenge vya wamama wa soko la Nyawera, ikarudi na mawe ya migodini na wagonjwa. Kaka wa mke wangu alifanya kazi pamoja nami. Mimi ndiye niliyemwingiza. Aliniita muramu, nami nilimwita muramu, kama mashemeji wa kwetu wanavyoitana.

Watu hudhani mafuta ya ndege hayawezi kuota kitu. Huota. Hewa ya kwetu ina unyevu. Inaingia tangini, inapoa na kuwa maji, maji yanakaa chini ya mafuta, na humo vijidudu vinazaliana. Vinatengeneza ute mweusi, unaoteleza kama mlenda, unaoziba chujio na kula bati. Ndiyo maana kila asubuhi muramu alifungua kizibo chini ya bawa, akatoa maji pamoja na mafuta kidogo, mpaka yatoke mafuta matupu. Mafuta hayo hayakurudishwa tangini. Yalikuwa ya wafanyakazi, desturi tuliyoikuta: kila mtu na kibidoni chake, yaani kidumu kidogo, ya kuwashia taa na makaa nyumbani.

Mwaka mmoja ute ulizidi. Patroni akaagiza rangi ya kupaka ndani ya tangi, yenye dawa ya kuua vijidudu. Kikaratasi kilikuwa cha Kifaransa, na mimi peke yangu nilikuwa nimemaliza sekondari. Kukwangua mpaka bati ling'ae, kuosha, kukausha, kupaka, kungoja siku saba. Nilipitisha mkono hadi begani katika matundu ya bawa, nikapaka vizuri. Kwenye kupaka sina lawama.

Siku ya tatu patroni akaja.

"Papa," akaniita kwa heshima, "imekauka?"

"Juu imekauka, patroni, lakini ndani haiyakomaa. Karatasi inasema siku saba."

"Karatasi iliandikwa Ulaya, kwenye baridi. Huku kuko jua." Akagusa rangi kwa kidole. "Ona, hainishike. Bamama ba Nyawera banalala hapa na mizigo yao, banataka kunikula muzima. Funga!"

Muramu alikuwa ameketi juu ya kibidoni chake. "Patroni, musamehe," akasema. "Huyu akisoma hata karatasi ya sabuni, anaifanya Injili."

Wote wakacheka. Nikacheka pia, maana sikutaka kuonekana mtu wa vikaratasi. Nikafunga.

Wiki chache baadaye injini moja ilizimika ndege ikitoka Shabunda. Rubani aliifikisha kwa injini iliyobaki. Hakuna aliyeumia. Patroni akanituma nifungue chujio. Nilikuta ute, na ndani ya ute magamba ya kijani, membamba kama maganda ya kitunguu. Rangi yangu ilikuwa imebanduka, na vijidudu vilikuwa vimejificha chini yake. Nilijua palepale. Nikafuta magamba kwa kitambaa, nikakitia mfukoni, kisha nikampelekea patroni ute peke yake.

"Huu ni ute wa maji," akasema. "Nani anatoshaka maji asubuhi?"

Alijua jibu: aliyetoa maji kila asubuhi ni muramu. Akamwita muramu mbele yetu sote.

"Weye, bidoni yako inajalaka mafuta kila siku. Unatosha mafuta, unatia maji mahali pake. Si ni vile?"

"Hapana, patroni, naapa! Uliza muramu wangu, tunakuwaka wote asubuhi."

Patroni akanigeukia. "Papa?"

Nikasema, "Mimi sikuangalia."

Alifukuzwa siku hiyohiyo. Kila mtu alikuwa amemwona na kibidoni, kwa hiyo hakuna aliyeshuku. Sisi wengine tulificha vibidoni vyetu, tukawa watu safi. Pale Nyawera wenye pikipiki walimpigia kelele: "Tonton, mjomba, leo umeuza maji ngapi?" Hakuna gereji iliyomtaka. Akaenda Luberizi kwa jamaa zao kulima mpunga, yeye aliyezaliwa mjini na asiyejua kushika jembe.

Nyumbani mke wangu aliniuliza mezani, tena na tena: "Kaka yangu hawezi kuiba. Weye ulikuwa pale. Ulikuwa unaona nini?" Nilisema nimechoka, nikatoka nje kutembea. Nilipanda na kushuka vilima vya mji huu miaka mingi kwa sababu ya swali hilo moja.

Nilimwambia Jumapili moja baada ya misa, akichambua sombe, majani ya muhogo. Siku tatu, magamba, kitambaa, yote. Alimaliza kwanza kuchambua.

"Miaka yote nilikuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Na chakula changu ulikuwa unakula."

Kesho yake alipanda gari la kwenda Uvira, akashukia Luberizi. Nikamfuata wiki hiyo. Muramu alinipokea uani, hakunipa kiti. Nilimweleza yote, naye alisikiliza akikwangua tope mikononi.

"Ungesema kule, mbele ya patroni," akaniambia. "Huku unaniambia ya nini? Mupunga haujue kama niliitwa mwizi."

Niliporudi Bukavu nilizunguka kwa wenzetu wa zamani, mmoja mmoja, nikawaambia ukweli. Patroni alikuwa ameshakufa. Mmoja alisema hayo ni mambo ya zamani. Mwingine hakumkumbuka muramu, alikumbuka tu kwamba kulikuwa na mwizi.

Nilifunga tangi siku nne kabla ya wakati, kisha nikaficha ukweli nilipoulizwa. Kwa hayo shemeji yangu alipoteza kazi na jina lake, na mpaka sasa hazungumzi nami. Mke wangu yuko Luberizi mwaka wa sita. Nimemwomba arudi mara nyingi. Amesema hatarudi, nami naamini hatarudi.