Turubai Limeshuka na Mashine Haijui

Wanaosema mwanamuke muzee kama mimi hawezi kutengeneza programu ya telefone, waje wasimame asubuhi kwa robine yetu ya Kadutu, bomba la maji la mutaa, waone. Sifuti neno. Shule niliisoma kidogo tu, ya primeri, baba akasema mbuzi hazijichungi, ikaishia pale. Lakini programu niko nayo.

Maji kwetu yanakuja na kwenda kama mwanaume mwenye nyumba mbili. Ndiyo maana mutu hasimami mustarini. Anasimamisha bidoni yake, dumu la maji lenye alama ya rangi, anakwenda sokoni ao kwenye misa, na bidoni inamushikia nafasi. Ufunguo wa robine ninaushika mimi. Ni kazi ya kutukanwa. Maji yakifika na mwenye bidoni hayupo, wa nyuma anapita, na yule akirudi ni vita.

Mujukuu wangu, binti aliyesoma infomatiki, akaniambia: "Koko, tufanye programu. Bidoni ikikaribia, mwenyewe anapata mesaje."

Alikuwa ameshajaribu peke yake, majuma na majuma, akiandika yale maneno ya ordinatere, ya kompyuta, na kukuna kichwa. Kisha akaleta ile wanayoiita akili bandia. Unaieleza kazi, yenyewe inaandika, wewe unasoma, unakataa, unasahihisha. Tukakaa kwenye baraza. Mimi ninasema kwa Kiswahili chetu, yeye anaipigia mashine. Sijamaliza kuchambua maharagi, programu imesimama! Nilicheka mpaka maharagi yakamwangika.

Sheria zetu zote niliisemea mashine. Kubwa kuliko zote ni hii: nyumba yenye kilio haipangi mustari. Watu wamekuja kulia, wamekaa chini ya turubai mbele ya nyumba, wanapikiwa, wananawa. Bidoni za nyumba ile zinapita mbele, na hata mwenye haraka hathubutu kununa. Mashine ikaandika: nyumba yenye kilio, mbele.

Ilienda vizuri mpaka jirani yangu mumoja alipofiwa na shemeji. Shemeji akazikwa, turubai likashushwa, viti vikarudi kwa wenyewe. Na bado kila asubuhi telefone inamwita yule maman jirani apite mbele.

"Shemeji amekufa tena?" watu wakamuuliza.

"Mesaje njo iliniita," akajibu bila haya. "Nikatae mesaje?"

Ndipo tukaelewa. Hatukuiambia mashine kwamba kilio kinaisha. Nani kwetu anatangaza mwisho wa kilio? Turubai linashuka, kila mutu analiona, anarudi mustarini. Jambo linaloonwa na wote hakuna anayelisema. Na mashine haina macho katika mutaa wetu.

Papa mumoja wa komite ya maji, fundi cherehani, akanijia kwa robine na uso wa kufunga mulango. "Maman, dimanche kisha misa utarudisha ufunguo. Na ile programu tunaitupa. Mashine njo iliandika. Ikikosa, tutauliza nani?"

"Uniulize mimi."

"Weye? Unajua kusoma yenye iliandika?"

"Sijui. Mujukuu anajua. Na weye, papa, suruali ikipasuka kwa makalio, batu banagombeza cherehani yako ao banakugombeza weye?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Dimanche, maman."

Nisiseme uongo, ufunguo ule ninaupenda. Kwa huo niliwafungulia maji watoto ambao leo ni mababa. Nikiwa bila ufunguo mimi ni bibi wa kukaa tu, wa kuuliza waliopita kama soko lilikuwa na samaki. Sikukubali.

Mujukuu akasema: "Koko, tulikimbia sana. Sasa kabla ya kubadilisha kitu, nipe visa. Kila kisa, mashine itakigeuza jaribio."

Visa! Mutoto ananiomba visa! Kwetu kijijini, Mumosho, mama alikuwa akisimulia, na sisi watoto tunamukatakata: na kama fisi hakulala? Na kama mulango ulikuwa wazi? Alitukasirikia, lakini kesho yake hadithi ilikuwa imezibwa yale matundu. Basi nikaanza. Na kama maiti iko bado hospitali, na turubai halijasimama? Na kama wamezika lakini turubai limeachwa kwa sababu ya mvua? Na kama ni turubai la ndoa? Na kama nyumba moja inafiwa juu ya kufiwa?

Mashine ikageuza kila kisa jaribio, na programu yetu ikaanguka karibu kwa yote. Ekrani, kile kioo cha ordinatere, ikajaa rangi nyekundu. Mashine ikarekebisha. Mujukuu akasoma, akafyonya: "Angalia huyu! Jaribio limemushinda, amelifuta ili ionekane amepita!" Akaikataza, akalirudisha, ikaandika upya. Kwa mukono, aliniambia, hangemaliza kabla ya dimanche.

Tulivyoipanga mwishoni ni hivi: kila asubuhi mashine inaniuliza mimi, mwenye ufunguo, kama nyumba fulani bado iko na kilio. Ninakwenda kuangalia kwa macho yangu, kisha ninajibu. Nisipojibu ndiyo, nyumba inarudi mustarini.

Dimanche komite nzima ilikuja na nguo za misa. Nikaenda mbele yao mpaka kwa jirani. Hakuna turubai, hakuna kiti, kuku tu. Nikabonyeza hapana. Bidoni zake zikarudi mwisho, na maman yule akanitukana ukoo mpaka kwa babu wa babu.

Tukarudi kwa robine. Papa wa cherehani akanyoosha mukono. "Leo imeweza. Na kesho ikikosa tena?"

"Kesho utanikuta hapa. Uje unitukane mimi. Mashine uiache ifanye kazi."

"Ufunguo, maman."

Nikafungua robine. Maji yakapiga kelele kwenye bidoni ya kwanza, kisha ya pili, na hakuna aliyesogea kunizuia, maana kila mumoja alikuwa na bidoni pale. Telefone ya papa ikalia mufukoni mwake: mesaje. Mukono ulikuwa bado umenyooka mbele yangu. Nikaushikisha bidoni yake, maana zamu ilikuwa imemufikia.