Safu ya Mpakani

Shamba letu pale Changamwe lilikuwa na muhogo wa namna mbili. Wa katikati ulikuwa mtamu; tuliuchimba asubuhi, tukaula mchana. Wa mpakani, upande wa vichaka, ulikuwa mchungu. Mavyaa wangu, mamake mume wangu, aliupanda huko makusudi, kwa kuwa nguruwe mwitu akionja shina la kwanza hurudi alikotoka. Muhogo ule haupikwi mbichi. Humenywa, hupasuliwa, huanikwa juani siku nyingi hadi uwe makopa makavu, ndipo hutwangwa unga. Ukichemshwa mbichi, huua.

Sikumbuki ni lini nilijifunza hayo. Nilisoma miaka minne tu shule ya misheni, na hilo halikuwa somo. Nililijua kama nilivyojua kwamba moto unachoma. Kwa muda mrefu nilijitetea hivyo, kwamba sikujua kama yuko mtu asiyejua. Leo naandika lilivyokuwa.

Miaka ile ya vita, chumba cha jirani alipanga mtu wa bara aliyekuwa akipakua mizigo bandarini. Akamleta mkewe na binti zao wawili. Mke alikuwa kijana kama mimi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini aliuliza kila kitu bila haya. Siku moja kisimani alichungulia kikapu cha mwanamke mmoja aliyetoka kununua kamba wa baharini, akaruka nyuma.

"Dada, hawa ni panzi wa majini?"

Tulicheka mpaka debe la mtu likamwagika.

"Ndiyo, panzi! Uwakamate kabla hawajaruka!"

"Watu wa bara nyinyi! Mkiona pweza si mtakimbilia stesheni!"

Tangu siku hiyo, kila akija kisimani, hakukosekana wa kurukaruka kama panzi nyuma yake. Nami nilicheka. Baada ya hapo sikumsikia tena akiuliza. Alitazama wenzake wanavyofanya, kisha akafanya vivyo hivyo.

Halafu mahindi yakaadimika. Tulikuwa tukipanga foleni tangu alfajiri kwa unga usiojaza kibaba. Asubuhi moja yule mama wa bara alikuja mlangoni kwetu akasimama tu, kikapu kitupu mkononi. Muhogo mtamu ulikuwa umebaki mashina machache, na nilikuwa nikiwawekea wanangu.

"Chimba pale mpakani, dada," nikamwambia. "Jaza kikapu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikuwa nimempa ule ambao nguruwe wanaukataa.

Nilitaka kumwambia, usisahau kuuanika. Maneno yalifika kinywani. Nikafikiri, nani asiyejua hilo? Tena nikakumbuka kwamba wiki iliyopita nilimpa vipande vya muhogo mtamu, nikamwona akivimenya na kuvitia sufuriani papo hapo. Nilikumbuka, ndiyo. Wazo lilipita kama inzi mbele ya uso, nami nikalipunga, kwa kuwa nilikuwa na nguo za kufua. Hilo sikumwambia mtu kwa miaka mingi.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, nikasikia ukelele. Nilipofika, binti mkubwa alikuwa akitapika kizingitini, ameshika ukuta kama mtu anayeona nchi inazunguka. Mdogo, wa miaka mitatu hivi, alilala mkekani akihema mbiombio kama aliyekimbia mbali. Lakini mimi kitu cha kwanza nilichokiona si mtoto. Niliona sufuria juu ya mafiga, na vipande vyeupe vilivyobaki chini yake. Nasema kweli: sikuanza kumwogopea mtoto. Nilianza kujiogopea mimi.

"Amekula nini?" jirani mmoja akauliza.

"Chakula tu," mama yake akajibu, na yeye mwenyewe alikuwa akiyumba. "Chakula cha nyumbani."

Babake alipofika kutoka bandarini, yule mdogo alikuwa amekwisha. Mkubwa alilala siku nzima kama gogo, kisha akafumbua macho.

Watu wa kanisa walimzika asubuhi. Nilikaa matangani, nikilia na wenzangu. Huyu alisema homa, yule akasema jicho la watu. Mama mtu akanigeukia.

"Dada, maji ya kisima chenu yana nini?"

Nikavuta kanga usoni.

Mavyaa alikuwa ameliona shimo mpakani. Alinikamata kifundo cha mkono nyuma ya jiko letu.

"Mwanangu, umempa wewe?"

"Nimempa."

"Na hukumwambia?"

"Sikumwambia."

Akatazama huku na huku. "Basi nyamaza. Hawa wageni, watarudi kwao. Ukifungua kinywa utaitwa mchawi, na mimi niliyeupanda nitaitwa mwalimu wako."

Nikanyamaza siku mbili. Kila hodi iliyopigwa nilidhani ni mtu wa kuniuliza. Hakuna aliyeuliza. Kutojua kwa yule mama ndiko kulikonificha, na nilikuwa nikiomba Mungu asije akajua.

Siku ya tatu waombolezaji walikuwa wamekwenda zao. Nilikuwa nikifagia uani nikamwona yule binti mkubwa ameketi mlangoni kwao, kikapu katikati ya magoti, akimenya. Ulikuwa ule ule uliobaki. Nyuma yake maji yalikuwa yakichemka.

"Rudi ndani," mavyaa akaninong'oneza mgongoni. "Rudi, mwanangu."

Nikaenda. Hata hapo sikwenda kusema, nilikwenda kuiba. Nikamwambia mtoto, "Lete nikumenyee kwetu, wewe bado huna nguvu," nikakinyanyua kikapu. Nilikuwa nimegeuka, mama yake akatoka.

"Kiache, dada. Umetusaidia vya kutosha. Kesho nitakwenda kuchimba mwingine."

Kesho. Ningeiba vikapu vingapi? Nikakiweka kikapu chini.

"Huu haupikwi mbichi," nikasema. "Ni huu."

"Ni huu nini?"

"Uliomwua mtoto."

Akatazama kikapu. Akatazama sufuria. Nilingoja anipige, na ningeshukuru.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na wale wa kisimani?"

"Wanajua wote."

"Na huyu mama?" Mavyaa alikuwa amesimama mlangoni kwetu, hakuingia ndani wala hakutoka.

"Ndiye aliyeupanda."

Akakaa chini polepole. Alipozungumza hakuwa akizungumza nami.

"Alisema ni mchungu. Alitema. Nikamwambia asideke, kuna watoto hawana hata huo. Nikamshika kidevu."

Sikuwa nimefikiri kwamba kusema kwangu kungempa hilo. Nilidhani ninamwondolea mzigo wa kutojua. Kumbe nilimpa mwingine atakaoubeba mpaka kaburini. Lakini mtoto mkubwa alikuwa bado ameshika kisu, na maji yalikuwa bado yanachemka.

Mama akainuka, akaepua sufuria, akayamwaga maji uani. Kisha akauliza. Tangu siku ya wale kamba, hakuwa ameniuliza kitu kinavyofanywa.

"Huanikwa siku ngapi?"

Nikamwonyesha. Tukapasua vipande, tukavipanga juu ya mkeka juani, sisi watatu. Kikapu kikaisha. Ndipo akaniangalia usoni.

"Na ni nini kingine mnachokijua nyote?"

Nikaanza kumwambia. Bunju, yule samaki anayevimba tumbo, haliwi. Korosho mbichi huunguza midomo. Usiogelee palipo na mawe yenye miiba myeusi. Kila nililosema alilirudia kwa sauti, na binti yake akalirudia baada yake. Nikisita, alingoja. Nilikaa pale hadi jua likashuka, nikipekua kichwani yale niliyoyajua bila kujua kuwa nayajua, na kila nilipopata moja nilizidi kuogopa, maana kama hilo nilikuwa karibu kulisahau, kulikuwa na jingine ambalo nilikuwa nimekwisha kulisahau.